Funza wa kuku Shelly Beach: vidokezo 8 vya kuanzia

Chakula cha kuku ni ghali, na omena wa kuchanganyia ana safari ndefu kutoka Ziwa Victoria hadi avuke feri ya Likoni. Kuna njia ya mkato: kufuga nzi chuma, ambaye wafugaji wengi humwita BSF. Icipe, kituo cha utafiti wa wadudu kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1970, kimemchunguza kwa miaka mingi. Funza wake waliokaushwa huwa na protini ya takriban asilimia 40. Mfugaji wa Limuru humtafutia joto. Wewe wa Shelly Beach unalo bure. Shughuli yako ni maji, chungu na pua za majirani.

1. Mjue mdudu wako. Nzi chuma ni mweusi, mwembamba, miguu yake ina ncha nyeupe, na kwa mbali utadhani nyigu. Haumi, wala akishakomaa hali chakula, kwa hivyo hana haja na sahani yako. Funza wake ni bapa, mwenye pingili na ngozi ngumu. Ukiona funza mweupe, laini, aliyechongoka upande mmoja, huyo ni wa nzi wa kawaida. Mara nyingi ni ishara kwamba beseni unamofugia lina maji mengi.

2. Pata mbegu. Nunua mayai kwa mfugaji, au tega mwenyewe. Weka maembe na mapapai yaliyooza kwenye ndoo chini ya mwarobaini, kisha utandaze juu yake vipande vya katoni yenye mikunjo. Jike hutafuta ufa mkavu ulio karibu na harufu, akataga humo mamia ya mayai ya rangi ya maziwa. Huanguliwa baada ya siku kama 4.

3. Okota chakula mtaani. Maganda ya mihogo ya wauza kachiri, maganda ya matunda, machicha ya nazi, makombo ya mikahawani: vyote vinalika. Matumbo ya samaki tia kidogo tu, tena yachanganye na pumba. Makombo yenye chumvi au mafuta mengi yaache.

4. Pima maji kwa ngumi. Finya konzi moja ya mchanganyiko. Yakitoka matone mawili matatu, sawa. Yakichuruzika, ongeza pumba au vumbi la mbao. Harufu kali maana yake umewazidishia chakula au maji, basi subiri wamalize kilichopo.

5. Kivuli kwanza. Funza hunawiri kwenye nyuzi 27 hadi 30 za selsiasi. Chini ya bati saa nane mchana joto hupita hapo, nao huanza kutoroka. Paa la makuti linafaa zaidi, na liwe na upenu mrefu, maana mvua za Aprili na Mei zikiingia besenini utabaki na uji unaonuka.

6. Zuia wezi. Simamisha miguu ya meza inayobeba beseni ndani ya mikebe yenye maji na tone la mafuta, chungu wasipande. Nzi wakubwa wafungie kwenye kizimba cha chandarua kisicho na tundu: mjusi kafiri akipata upenyo, atakula mbegu yako usiku kucha. Kizimba kipate jua la asubuhi, kwani bila mwanga nzi hawa hawapandani vizuri.

7. Vuna kwa zamu. Kwa joto la huku, baada ya wiki 2 hivi funza huwa wanene na bado wana rangi ya maziwa. Hao ndio wa kuku. Bakisha wachache wageuke weusi. Hapo huacha kula, kisha hupanda kutafuta pakavu, kwa hivyo ukiegemeza ubao wa mteremko watajimimina wenyewe ndooni. Hao ndio mbegu ya kizazi kijacho. Mabaki besenini ni mbolea ya mchicha.

8. Hifadhi bila ukungu. Walio hai watakaa siku chache kwenye pumba kavu, kivulini. Wa kuweka muda mrefu watumbukize kwenye maji yanayochemka dakika chache, uwaanike juani hadi wavunjike ukiwabana kwa kidole, kisha uwatie mkebe wenye mfuniko wa kubana. Hewa ya bahari huwarudishia unyevu haraka, na wenye ukungu usimpe kuku.

Funza ni upande wa protini tu. Kuku bado anataka mahindi, majani, chokaa na maji safi. Anza na beseni moja, na usiongeze la pili mpaka jirani akuulize mbona halinuki.