BANGI KATIKATI YA MAHINDI
Somo la afya kwa familia na Jumuiya Ndogondogo



Mwezi huu tumesukumwa na barua ya mama mmoja mjane, ambaye jina lake na parokia yake tunavihifadhi. Shamba lake la ekari mbili liko mlimani na linapakana na msitu. Alipokwenda kutazama mahindi yake sehemu ya juu, ambako miguu yake haimfikishi mara kwa mara, alikuta miti kadhaa imekatwa ukingoni mwa msitu, na katikati ya mahindi imesimama mistari ya mimea mirefu yenye majani yaliyochanuka kama vidole vya mkono. Aliyeipanda ni mtoto wa marehemu kaka yake, kijana aliyemlea tangu akiwa na miaka sita. Alipomuuliza, kijana alijibu: "Shangazi, hiyo ndiyo ada ya chuo cha ufundi ya mdogo wangu. Nyamaza mwezi mmoja tu, nivune."

Mama anatuuliza maswali mawili. La kwanza: Je, kweli mmea huu una madhara makubwa, wakati wazee wetu waliutumia? La pili: Je, akinyamaza mwezi mmoja, atakuwa amekosa? Twaamini hayuko peke yake mwenye maswali haya, kwa hiyo tunamjibu mbele ya wote.

1. MMEA WENYEWE

Bangi asili yake ni Asia. Hata jina tunaloliita limetoka India, na mmea wenyewe ulifika pwani yetu karne nyingi zilizopita pamoja na wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi. Vijana huuita ganja, ndumu, msuba au "cha Arusha", lakini mmea ni uleule.

Kuna mimea dume na mimea jike. Kemikali inayolewesha, iitwayo kwa kifupi THC, hupatikana hasa katika utomvu unaonata kwenye maua ya mmea jike. Majani yana kiasi kidogo zaidi, na mbegu karibu hazina. Jambo hili ni muhimu, kwa sababu bangi ya leo si lazima iwe sawa na ile ya babu zetu. Zimechaguliwa mbegu zenye THC nyingi mara kadhaa, na ile kali iitwayo skanka inauzwa hata katika miji yetu. Anayesema "babu alivuta akaishi miaka tisini" huenda anazungumzia kitu kingine kabisa.

2. JINSI INAVYOFANYA KAZI MWILINI

Bangi ikivutwa, THC hupita kwenye mapafu na kufika kwenye ubongo kwa dakika chache. Mapigo ya moyo huongezeka, macho huwa mekundu, mdomo hukauka, njaa huja, na mtu huona muda unakwenda polepole. Wengine hucheka, wengine hushikwa na hofu kubwa. Ulevi huo huchukua saa mbili, tatu au zaidi.

Ikiliwa katika chakula au keki, huchelewa: nusu saa hadi saa mbili. Hapo ndipo watu wanapokosea. Wanaona haijafanya kazi, wanaongeza, kisha yote huwapanda kwa pamoja na kudumu saa nyingi.

3. MADHARA TUNAYOYAFAHAMU

Hatupendi kutia chumvi. Si kila anayevuta bangi hurukwa na akili, na kijana anayejua hilo kwa macho yake ataacha kutusikiliza tukimwambia vinginevyo. Tuseme basi yale yaliyo kweli.

(a) Akili. Ubongo wa binadamu huendelea kukomaa hadi karibu miaka 25. Anayeanza kuvuta akiwa na miaka 14 au 15 huugusa ubongo ambao bado unajengwa, na usikivu na kumbukumbu hupungua, hasa akivuta kila siku. Kuna pia ugonjwa wa akili ambao mtu husikia sauti zisizokuwapo na kudhani watu wote wanamwinda. Uchunguzi uliofanywa Ulaya na Brazili na kuchapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba wanaovuta bangi kali kila siku walikuwa na hatari ya ugonjwa huo karibu mara tano kuliko wasiovuta kabisa. Hatari ni kubwa zaidi kwa walioanza mapema na kwa wale ambao katika ukoo wao kuna mgonjwa wa akili.

(b) Uraibu. Husemwa kwamba bangi haina uraibu. Si kweli. Takriban mmoja kati ya watumiaji kumi hushindwa kuacha, na walioanza katika ujana hushindwa wengi zaidi. Akiacha ghafla hukosa usingizi, hukasirika upesi na hukosa hamu ya chakula. Hali hii ni mbaya zaidi katika wiki ya kwanza, kisha hupungua. Familia zijue jambo hili, zisidhani kijana amerogwa.

(c) Mapafu. Moshi wa bangi una lami kama moshi wa tumbaku, na mara nyingi huchanganywa na tumbaku yenyewe. Huleta kikohozi cha kudumu chenye makohozi. Mkohozi wa wiki mbili au zaidi apimwe kifua kikuu, wala asiseme tu "ni ule moshi".

(d) Mama mjamzito. THC hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto tumboni. Watoto wa kina mama waliovuta huelekea kuzaliwa na uzito mdogo. Hupita pia katika maziwa ya mama.

(e) Ajali. Dereva wa bodaboda aliyevuta huchelewa kushika breki na hukosea kupima umbali. Akichanganya na pombe, hatari huongezeka maradufu.

(f) Watoto wadogo. Mtoto aliyekula bangi iliyofichwa ndani ya chakula huweza kulala usingizi mzito, kuyumba, hata kupumua kwa shida. Mpelekeni kituo cha afya mara moja, msimtapishe, na mwambieni mganga ukweli. Mzazi anayeficha kwa aibu humnyima mganga njia ya kumsaidia mtoto.

4. "LAKINI SISI TUNAIPA KUKU"

Katika vijiji vingi watu hupanda mashina mawili matatu nyuma ya nyumba, wakisema ni dawa ya kuku au ya ng'ombe. Ugonjwa unaomaliza kuku ni kideri, ambao wengine huuita mdondo. Huletwa na virusi, na ukishaingia bandani hauna tiba: si bangi, si pilipili, si majivu. Kinga yake ni chanjo. Ipo chanjo inayostahimili joto, tone moja katika jicho la kila kuku mzima, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Mwulizeni afisa mifugo wa kata. Akina mama wachache wakichanga fedha, chupa moja hutosha kuku wa majirani wengi.

5. MSITU NA MAJI

Mtu anayelima bangi hutafuta mahali pa kujificha, ndiyo maana huenda msituni. Lakini mmea huo unataka jua. Kwa hiyo huikata miti ya katikati na kuiacha ya pembeni kama ukuta, na anayepita njiani haoni kitu. Udongo wa mlimani ukibaki wazi, mvua huuteremsha mtoni. Wakati wa kiangazi hukinga maji ya kijito, na mabaki ya mbolea na dawa za wadudu huishia humo humo ambamo watu wa chini wanachota.

Milima ya Uluguru ni chanzo cha maji ya mto Ruvu, ambayo hunywewa hadi Dar es Salaam, na ya mto Ngerengere unaojaza bwawa la Mindu la Morogoro. Huko Uluguru, kama vile Arumeru na Tarime, mashamba ya bangi yamefyekwa mara nyingi. Anayekata msitu kwenye chanzo hujitia deni, na wanaolilipa ni watu asiowajua.

Tena shamba la siri linahitaji walinzi na vibarua wasiosema. Mara nyingi hao ni watoto. Mwalimu huona dawati tupu na kuandika "mtoro".

6. "MBONA WENZETU WAMERUHUSU?"

Swali hili ni halali. Kanada iliruhusu watu wazima kuitumia mwaka 2018. Mwaka huohuo Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliruhusu mtu mzima kuitumia faraghani. Lesotho ilianza kutoa leseni za kilimo cha bangi ya dawa mwaka 2017, na Zimbabwe ikafuata mwaka 2018. Desemba 2020 Tume ya Umoja wa Mataifa ya Dawa za Kulevya iliiondoa bangi katika orodha ya dawa za hatari kupita zote, lakini iliiacha chini ya udhibiti.

Ni kweli pia kwamba ndani ya mmea huu imepatikana dawa. Kemikali nyingine isiyolewesha, kanabidioli, husafishwa kiwandani na kutumika kwa watoto wenye aina fulani za kifafa kikali. Lakini dawa hiyo hupimwa kwa kipimo na hutolewa na daktari. Dawa ya maumivu makali hospitalini haitufanyi tukalime kasumba. Mwenye kifafa asiache vidonge vyake kwa sababu amesikia habari za bangi.

7. SHERIA YETU

Hapa Tanzania bangi imepigwa marufuku. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 inakataza kuilima, kuwa nayo, kuiuza na kuisafirisha, na adhabu ya kulima huweza kufikia kifungo cha miaka 30. Sheria haimtazami mpandaji peke yake. Mwenye shamba anayejua na kuruhusu, naye huhesabiwa mkosaji.

Kwa upande wa Kanisa, Katekisimu namba 2291 inafundisha kwamba kutumia dawa za kulevya nje ya tiba ni kosa zito, na kwamba kuzizalisha kwa siri na kuziuza ni kushiriki moja kwa moja katika uovu, kwa sababu huwavuta wengine watende yaliyo kinyume cha maadili.

8. JIBU LETU KWA MAMA

Mama mpendwa, ulipouliza juu ya mwezi mmoja, tunadhani moyo wako ulikuwa umekwisha kujibu. Mwezi huo mmoja ndio wa mavuno, na mavuno yatakwenda kwenye mapafu ya watoto wa wengine. Tena mnunuzi akishapajua shambani kwako, mwaka ujao atarudi bila hodi.

Tunakushauri hivi. Usipokee hata shilingi moja. Usiivune, usiibebe, wala usiifiche nyumbani. Usiichome peke yako, kwani moshi wake hulewesha, na huenda ukaonekana unaharibu ushahidi. Zungumza na kijana kwanza, mbele ya mzee mnayemheshimu wote wawili, na umwombe aende mwenyewe pamoja nawe. Mtafuteni msaidizi wa kisheria kabla ya kuandika maelezo yoyote. Kisha nendeni kwa mwenyekiti wa kijiji na mtendaji, mkisindikizwa na katekista au padre, ili mimea iharibiwe kwa taratibu. Taarifa hupokelewa pia na Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, kwa simu ya bure namba 119.

Hatuwezi kukuahidi kwamba kijana hatashikwa. Hilo tunakuambia wazi, kwa kuwa twajua ndilo linalokunyima usingizi. Lakini anayejitokeza mwenyewe ana neno la kusema mbele ya hakimu, na anayefumaniwa hana. Akimwendea padre kwa kitubio, siri yake italindwa kabisa. Lakini kitubio hakiing'oi mimea shambani. Hilo lataka mikono.

Kama naye anavuta, apelekwe kituo cha afya apate ushauri. Hakuna kidonge maalumu cha kuacha bangi. Mazungumzo ya mara kwa mara na mshauri aliyefunzwa ndiyo tiba, na wengi wamepona. Akianza kusikia sauti au kukataa kulala siku kadhaa, asifungwe kamba wala asipelekwe kwa mganga wa ramli, bali hospitali ya wilaya, nayo ikilazimu itampeleka kwenye matibabu ya akili, kama vile Mirembe, Dodoma.

Ada ya mdogo wake ni haki, na jumuiya isimwachie mama huyu peke yake. Vikundi vya kuweka na kukopa, na mikopo ya halmashauri kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, vipo kwa ajili hiyo. Ukingoni mwa msitu mizinga ya nyuki hufaa sana, maana nyuki huhitaji miti isimame. Hatusemi asali italeta fedha upesi kama bangi. Tunasema mwenye mzinga hulala bila kusikiliza nyayo za watu.

Mtume Paulo aliwafundisha Wakorintho kwamba miili yetu ni hekalu la Roho Mtakatifu. Mwili wa kijana anayevuta mjini, ambaye mama huyu hatamwona kamwe, nao ni hekalu hilo.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Katika kijiji chetu, ni nani hufaidika na bangi, na ni nani hulipa gharama yake?
2. Kijana wa jumuiya yetu akitoka kifungoni au hospitali ya akili, tunampokeaje?
3. Mjane akikosa ada, je, jumuiya yetu hujua kabla ya mnunuzi wa bangi kujua?