Ni Nani Amwekaye Wakili wa Taifa?



Suala la darasa letu ni hili: je, yafaa dola za kigeni ziamue kuwa mjumbe fulani ndiye wa haki wa taifa jingine, na fulani siye?

Asili ya jambo hili yajulikana na kila mtu. Wakili huwekwa na mwenye mali, hawekwi na jirani. Jirani aweza kukataa kufanya naye biashara. Lakini hana haki ya kumuuzulu, wala ya kumchagulia mwenye mali wakili mwingine. Mjumbe wa taifa ni wakili, na wenye mali ni raia.

Natutazame yaliyotokea asili hii ilipoachwa. Mwaka 1949 Wakomunisti walishika serikali ya China bara, na serikali iliyoshindwa ikahamia Taiwan. Lakini katika Umoja wa Mataifa kiti cha China kilikaliwa na walioshindwa mpaka tarehe 25 Oktoba 1971, zilipopigwa kura 76 kwa 35. Muda wa miaka 22 mamilioni kwa mamilioni ya watu walisemewa na serikali isiyowatawala, kwani Marekani na wenziwe hawakuwaridhia watawala wapya.

La Kamboja lashinda hilo. Chini ya utawala wa Khmer Rouge, tangu 1975, watu wakadiriwao kati ya milioni 1.5 na milioni 2 walikufa kwa kuuawa, kwa njaa na kwa maradhi. Mwaka 1979 jeshi la Vietnam likawaondoa. Na mwaka uo huo Umoja wa Mataifa ukawaachia kiti, kwa kura 71 kwa 35. Hoja ilikuwa kwamba serikali mpya imewekwa na jeshi la kigeni. Hoja hiyo ina kweli ndani yake; lakini je, aliyeuawa humfanya muuaji wake kuwa wakili wake?

Huenda mtu akauliza: basi tumkubali kila dhalimu? La. Mwaka 1930 Mexico, kwa kauli ya waziri wake Genaro Estrada, ilitangaza kuwa haitahukumu uhalali wa serikali za wengine. Itabakisha wajumbe wake au itawaondoa, basi. Na katika mkutano wa nchi zisizofungamana, Havana, 1979, kiti cha Kamboja kiliachwa kitupu. Kiti kitupu hakisemi uwongo.

Kwa hivyo, tusikiapo kuwa serikali fulani “imetambuliwa”, tuulize mambo mawili: ni nani atawalaye huko kwa kweli? Na wenye nchi wamesema nini? Aliyetambua bila ya kuuliza hayo ametueleza mapenzi yake tu; haki ya watu hakuieleza.