Matofali ya kichuguu

Katika Katanga watu wengi hupiga matofali kwa udongo wa kichuguu. Kwa nini? Mwalimu alimwambia mwanafunzi mmoja atafute sababu, kisha ajenge ukuta mfupi.

Alijaribu kwanza udongo wa mtoni. Una mchanga mwingi, ukamomonyoka. Ule wa kichuguu ulishikamana vema, maana mchwa hupandisha udongo laini kutoka chini. Lakini matofali 11 yalipasuka: aliyaanika juani siku ile ile! Mengine aliyafunika kwa majani, yakakauka polepole, kisha yakachomwa katika furu.

Ukuta ulipokwisha, wenzake walishangilia. Yeye alinyamaza.

«Mwalimu, yale yaliyopasuka niliyaficha nyuma ya jiko. Sikuyaandika katika daftari.»

«Kayalete,» akasema mwalimu.

Ulizo: Matofali 11 yalipasuka kwa sababu gani?