Monita wa Kilimo na Mwenye Shamba la Kilimani

Monita wa kilimo ni mtu anayetumwa kwa wenye mashamba ili awasaidie kutunza udongo, maji, miti na majani ya malisho. Wengine humwita agronomo, ijapokuwa agronomo hasa ni yule aliyesoma zaidi. Shamba si lake, jembe si lake, wala mavuno hayatakuwa yake. Jambo hilo ni rahisi kulisema, lakini katika kazi wengi hulisahau. Somo hili laeleza kazi hiyo mahali pamoja tu, yaani Bushi, katika vilima vya magharibi ya Ziwa Kivu, maana huko udongo huteremka kwa wepesi, na watu ni wengi kuliko mashamba.

Kwanza ifahamike ni kitu gani kinachopotea. Mvua ikipiga kilima kilicholimwa toka juu hata chini, maji hayapati nafasi ya kuingia ardhini. Hukimbia, na kadiri yanavyokimbia ndivyo yanavyobeba. Yabebayo kwanza ni udongo mweusi wa juu, wenye chakula cha mimea. Unene wa milimita moja tu, ukiondolewa juu ya hekta moja, ni mita 10 za ujazo, nao una uzito wa tani 10 au zaidi. Mkulima haoni hasara hiyo siku ile. Huiona baada ya miaka, mawe yanapotokea katikati ya maharagwe.

Pengine kilima hakingoji miaka. Tarehe 4 Mei 2023, katika teritwari ya Kalehe, mvua kubwa ilishusha maji, matope na mawe juu ya vijiji vya Bushushu na Nyamukubi, na watu zaidi ya 400 walikufa. Monita asiwadanganye watu kwamba mistari ya majani ingezuia msiba kama ule. Kilima kikikatika chote, majani hayakishiki, na nyumba zilizojengwa kando ya mto huwa hatarini hata juu yake kukiwa na miti. Lakini mvua za kila mwaka, zile zisizotangazwa popote, ndizo zinazokula shamba, nazo zaweza kupunguzwa nguvu.

Ufundi wenyewe si mgumu. Huanza na kipimo cha miti mitatu chenye umbo la herufi A. Miti miwili yenye urefu wa mita 2 hufungwa pamoja juu, na wa tatu hufungwa katikati kuvuka miguu hiyo. Toka kichwani hutundikwa uzi wenye jiwe, kama timazi ya mwashi. Kipimo husimamishwa chini, na mahali uzi unapogusa mti wa kuvuka hutiwa alama. Kisha miguu hugeuzwa, wa kuume ukae mahali pa kushoto, na alama ya pili hutiwa. Katikati ya alama hizo mbili ndipo pa usawa: kila mara uzi upitapo hapo, miguu yote miwili imesimama katika kimo kimoja. Basi monita na mkulima huenda wakigeuza kipimo hatua kwa hatua kukizunguka kilima, wakipiga kijiti kila mguu unapokanyaga. Mstari wa vijiti hupinda kama kilima kinavyopinda, wala wasishangae. Ili kupata mstari wa pili, mtu husimama juu ya ule wa kwanza, hutazama mbele yake sawasawa kuelekea mlimani, na pale macho yake yanapogonga udongo ndipo pa kuanzia. Hivyo, mahali penye mteremko mkali mistari hukaribiana, na mahali pa wastani huachana.

Juu ya mistari hupandwa setaria, au matete ya kulisha mifugo, au miti midogo kama kaliandra. Udongo unaoteremka hukwama hapo, na baada ya miaka michache shamba hufanya ngazi lenyewe. Hapa kuna jambo ambalo mamonita wengi hulificha: sehemu ya juu ya kila ngazi hukonda, kwa sababu udongo wake umehamia chini. Ni heri mkulima aambiwe mapema, apeleke samadi yake hapo kwanza, kuliko aone maharagwe yana manjano na kung'oa mstari mzima kwa hasira.

Je, kwa nini basi vilima vingi havina mistari hii? Sababu moja ni ya zamani. Katika utawala wa Wabelgiji, agizo la mwaka 1917 liliwalazimisha wanakijiji kulima mazao yaliyotakiwa na serikali siku 60 kwa mwaka. Wakati wa vita, mwaka 1942, siku ziliongezwa mpaka 120. Asiyetii alitozwa faini au kufungwa. Mitaro na mistari ya majani nayo ililetwa vilimani kwa njia ile ile ya amri. Uhuru ulipofika mwaka 1960, mahali pengi iliachwa. Kwa kipimo cha ufundi ilikuwa kazi njema, lakini machoni pa watu ilikuwa na sura ya faini.

Sababu ya pili ni hesabu. Tuseme shamba lina urefu wa mita 50 toka juu hata chini, nalo lapata mistari 5, kila mmoja na upana wa mita moja. Sehemu moja katika kumi imeondoka. Mwenye hekta 20 hajali. Lakini huko Bushi wengi hawana hata hekta moja, na sehemu ya kumi ya maharagwe ni chakula cha watoto. Kwa mwenye mbuzi au ng'ombe majani hurudisha deni hilo. Asiye na mnyama ataona panya tu waliojificha ndani yake.

Sababu ya tatu ni kubwa kuliko hizo, na haionekani kwa kutazama shamba. Tuseme monita kijana amefika kwa mama mmoja aliyepewa miche msimu uliopita.

«Mama, mbona hukuipanda ile kaliandra?»

«Niliipanda, mwanangu. Iko nyuma ya jiko langu.»

«Na huku kilimani, unakolima?»

«Huku ni bwasa. Mti wangu ukiota hapa, mwenye shamba atasema nataka kumnyang'anya. Msimu ujao nitalima wapi?»

Mama huyo amejibu kama mwanasheria. Katika desturi ya Bushi, mwenye kalinzi amempa mwami au mkuu wa mahali ng'ombe, au kitu kingine kilichokubaliwa, naye ameshika shamba daima, na watoto wake watalirithi. Mwenye bwasa amekopeshwa tu kwa msimu au mwaka, naye amekatazwa kupanda migomba, kahawa au miti, kwa kuwa mti unaokaa ni shahidi wa mwenye mahali. Wanawake wengi hulima kwa bwasa. Tena sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ilisema kwamba ardhi yote ni mali ya Serikali, na kwamba haki za wenyeji juu ya mashamba yao zitapangwa na agizo la Rais. Agizo hilo halikuwa limetolewa hata miaka 40 baadaye. Kwa hiyo yule mama hakuwa na karatasi ya kujitetea.

Basi swali la kwanza la monita lingekuwa hili: shamba hili limeshikwa kwa njia gani? Akisikia ni bwasa, aweke miche chini. Kwa mama huyo kuna kazi nyingine: kulima kwa kukata mteremko, kufanya matuta ya viazi yakifuata mstari wa usawa, kulaza mabua ya mahindi juu ya mstari huo. Hayo hakuna awezaye kuyaita mti. Kisha monita aende kwa mwenye kalinzi, maana udongo unaopotea ni wake na wa watoto wake. Wakipatana, mapatano yasemwe mbele ya mashahidi wa kijiji na kuandikwa: mpangaji atakaa misimu mingapi, nani atakata majani, miti ni ya nani. Iandikwe pia nani atajaza pengo mche unapokufa, kwa sababu pengo moja hukusanya maji ya mstari mzima na kuchimba korongo. Monita huyakagua mapengo hayo mwezi wa Agosti, kabla ya mvua za Septemba, akitembea juu ya mstari toka mwanzo hata mwisho, pamoja na wote wawili.