Intaneti inakata kwa saa za kufanana kila siku? Kagua mkataba wa anwani kwenye ruta yako



Somo la leo ni la wewe unayeuza laivu, unayepokea oda WhatsApp, na una ruta nyumbani au dukani. Malipo ya mwezi hayajaisha, umeme upo, taa za ruta zinawaka vizuri. Ghafla simu inaanza kuzungusha tu. Dakika mbili tatu mtandao unarudi wenyewe. Ukirudi laivu, watu walikuwa 60 wamebaki 9, na yule aliyeandika "nitunzie la bluu" kashaondoka. Hiyo ni hela imepita mlangoni.

Wengi tukiona hivyo tunasema "mtandao wa huku kwetu ndo ulivyo". Sio kila mara. Kama unakata kwa mpangilio, yaani kila baada ya saa kadhaa zinazolingana, kuna kitu kinaitwa DHCP cha kukagua kwanza. Mimi sijasomea mambo ya kompyuta, nimeishia sekondari na kujifunza humu humu dukani, kwa hiyo nitaeleza kwa lugha ya fremu za biashara.

DHCP NI NINI?

Kila kifaa kinachoingia mtandaoni lazima kiwe na anwani ya namba, mfano 192.168.1.105. Ichukulie kama namba ya fremu yako pale sokoni. Bila namba ya fremu, mzigo haukufikii.

DHCP ndio mwenye nyumba anayegawa fremu hizo. Simu ikiingia kwenye waifai wanaongea kwa hatua nne:
1. Simu inauliza: jamani, kuna mwenye nyumba hapa?
2. Ruta inajibu: nipo, fremu namba 105 iko wazi.
3. Simu inasema: naomba hiyo.
4. Ruta inathibitisha: chukua, ni yako kwa muda huu.

Shika hilo neno MUDA. Hupewi fremu ya kudumu, unapangishwa. Kanuni hizi ziliandikwa na Ralph Droms kwenye waraka unaoitwa RFC 2131, uliotoka Machi 1997, na ndizo ruta zetu zinafuata mpaka leo.

MKATABA UNAVYOONGEZWA

Kwa kawaida kifaa hakisubiri mkataba uishe:
- Muda ukifika nusu, kinamfuata mwenye nyumba yule yule kuomba nyongeza.
- Asipojibu kinaendelea kuomba. Ikifika asilimia 87.5 ya muda, kinapaza sauti kwa mwenye nyumba yeyote aliyepo.
- Muda ukiisha bila jibu, kinatoka kwenye fremu na kuanza upya zile hatua nne.

Mfano, mkataba wa saa 24: nusu ni saa 12, asilimia 87.5 ni saa 21. Mkataba wa saa 1: nusu ni dakika 30, asilimia 87.5 ni dakika 52 na nusu.

Nyongeza ikienda sawa huoni chochote, hata video haigandi. Ukiona mtandao umekata wakati wa nyongeza, ujue mahali fulani ombi halikujibiwa. Kazi yetu ni kujua ni wapi.

WENYE NYUMBA WAPO WAWILI

Hapa ndipo wengi wanapotea. Ruta yako inapangisha anwani kwa simu na kompyuta zako. Lakini yenyewe nayo ni mpangaji, imepangishwa anwani na kampuni inayokuuzia intaneti. Kwa hiyo kuna mkataba wa ndani na mkataba wa nje.

Siku ukikata, fanya hivi kabla hujazima kitu:
- Angalia kama vifaa vyote vimekata au simu moja tu. Kama ni simu moja, tatizo lipo kwenye mkataba wa ndani au kwenye simu yenyewe.
- Fungua ukurasa wa ruta, mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1, umeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa chini ya ruta. Ukifunguka wakati intaneti haipo, kati yako na ruta pako salama. Tatizo liko nje.
- Ukifunguka, angalia sehemu iliyoandikwa WAN au Internet. Ukikuta anwani imekuwa 0.0.0.0, ruta yako imetolewa kwenye fremu ya nje.
- Kwenye kompyuta ya Windows, ukikuta anwani yako inaanza na 169.254, maana yake iliuliza mwenye nyumba ikakosa jibu, ikajipa namba yenyewe. Hapo tatizo ni la ndani.

ANDIKA SAA, USIKISIE

Chukua daftari lile lile la madeni, fungua ukurasa wa nyuma. Kwa siku tatu andika saa mtandao ulipokata na saa uliporudi. Basi.

Nikupe mfano. Dada mmoja anauza vitenge Bunda mjini, laivu yake inaanza saa 2 usiku. Aliniletea saa zake: umekata saa 10:20 jioni ukarudi saa 10:22. Umekata tena saa 2:22 usiku, ukarudi saa 2:24. Umekata saa 6:24 usiku. Hesabu toka uliporudi mpaka ulipokata tena: saa nne kamili. Zile dakika mbili zinazosogea ni kwa sababu mkataba mpya unaanza kuhesabiwa mtandao ukirudi.

Tulifungua daftari la matukio la ruta, huwa limeandikwa System Log. Tukakuta ruta imeomba nyongeza saa 12:22 jioni, kimya. Imepaza sauti saa 1:52 usiku, kimya. Saa 2:22 mkataba umekufa, ikaanza upya, ikapewa anwani. Yaani mkataba wa nje ulikuwa wa saa nne, na ulikuwa unafia katikati ya laivu yake.

Alipopiga simu kwa kampuni hakusema "mtandao wenu mbovu". Alisema: "Ruta inapoteza anwani kila baada ya saa nne, ombi la nyongeza halijibiwi, saa ninazo hizi." Fundi alikuja akaweka programu mpya ya ndani kwenye kile kifaa, na ukataji wa kila saa nne ukaisha. Malalamiko yenye saa na namba yanabebeka. Ya hasira tu yanaishia kwa mpokea simu.

Angalizo: kama umeme ulikatika, daftari la ruta linaweza kuonyesha mwaka 1970 mpaka ruta ipate saa kutoka mtandaoni. Usishtuke. Ila hakikisha majira ya ruta ni GMT+3, ndio saa za kwetu.

SABABU ZA NDANI NA DAWA ZAKE

1. Fremu zimeisha. Kama ruta imewekewa kugawa 192.168.1.100 mpaka 192.168.1.110, hizo ni anwani 11 tu. Simu yako, ya msaidizi, kompyuta, runinga, kamera, halafu wateja unaowapa waifai wakisubiri mzigo. Simu nyingi za siku hizi pia zinajificha kwa kutumia utambulisho wa kubuni, kwa hiyo mtu akifuta waifai yako na kuingia upya, ruta inaweza kumwona ni mgeni na kumpa fremu nyingine wakati ile ya kwanza bado imeshikiliwa. Dawa: ongeza iwe 100 mpaka 200, na wateja wape waifai ya wageni kama ruta yako inayo.

2. Wenye nyumba wawili kwenye jengo moja. Hii ni kwa waliochukua ruta ya zamani kusogeza waifai mpaka stoo. Ruta zote mbili zinagawa anwani, wapangaji wanachanganyikiwa. Dalili: simu moja ina 192.168.0 na nyingine ina 192.168.1, au vifaa viwili vinagombea namba moja. Dawa: kwenye ruta ya pili zima DHCP Server, ipe anwani yake isiyo kwenye mgao, mfano 192.168.1.2, na waya uingie kwenye tundu la LAN, sio la WAN.

3. Kifaa kimejimilikisha fremu. Kamera au printa imewekewa namba kwa mkono, na namba hiyo ipo ndani ya mgao. Siku ruta ikimpa mwingine namba hiyo, ugomvi. Dawa: rudisha kifaa kipokee anwani chenyewe, kisha kwenye ruta kitengee namba yake. Sehemu hiyo huwa imeandikwa Address Reservation au Static Lease. Simu ya laivu nayo itengee namba, hakuna atakayeichukua.

4. Muda mfupi mno. Tafuta palipoandikwa Lease Time. Soma kipimo chake kwanza, maana kuna ruta zinahesabu kwa dakika na zingine kwa sekunde. Ukiandika 120 kwenye ruta ya dakika ni saa mbili, kwenye ruta ya sekunde ni dakika mbili! Kwa nyumbani saa 24 zinatosha: dakika 1440 au sekunde 86400.

5. Kifaa cha kampuni na ruta yako vyote vinatumia 192.168.1. Umefungiwa kifaa cha faiba chenye waifai, ukachomeka na ruta yako nyuma yake. Nje na ndani zikifanana, ruta haijui mzigo uende wapi. Dawa: badili ya kwako iwe 192.168.50.1.

Kabla ya kugusa chochote, piga picha kila ukurasa unaoubadili. Badili kitu kimoja, kaa nacho siku nzima, ndio uende kingine. Ukibadili vitano kwa mpigo hutajua dawa ilikuwa ipi.

Na tafadhali mura, usichome sindano kwenye kile kitundu cha Reset kwa hasira. Faiba nyingi zinaingia kwa jina na neno la siri la kampuni, utaratibu unaoitwa PPPoE. Ukifuta umefuta na hayo, utakaa bila mtandao mpaka uwapate. Tena, kama muunganisho wako wa nje ni PPPoE, hapo hakuna mkataba wa DHCP wa nje. Zile saa zako bado zitamsaidia fundi, ila usiseme ni DHCP. Na ruta za laini ya simu zinapata anwani kwa utaratibu wa kampuni ya simu, kwa hiyo kagua mkataba wa ndani, mengine ni ya kampuni.

KAMA SAA HAZILINGANI

Ukikata leo mara tano, kesho mara moja, keshokutwa hamna, DHCP siyo mshukiwa wa kwanza. Kagua chaja ya ruta, waya uliolegea, joto, umbali wa chumba, au signali kama ni ya laini.

Kuna siku nyingine tatizo ni kubwa kuliko wote. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikayumba Tanzania, Kenya, Uganda na nchi nyingine. Siku kama hiyo uwe Musoma, Butiama au Dar es Salaam, hakuna setingi itakayokuokoa. Iache ruta ipumzike.

WAKATI UNASUBIRI FUNDI, BIASHARA ISIFE

- Kama umeshajua mkataba wako ni wa saa nne, zima na washa ruta dakika 20 kabla ya laivu. Laivu saa 2 usiku, washa upya saa 1:40. Saa nne zinaanza kuhesabiwa upya na utakuwa salama mpaka kama saa 5:40. Sio tiba, ni panadoli. Lakini laivu inapita.
- Weka bando dogo kwenye simu ya pili, waifai ikikata unahamia. Jaribu kuhama kabla, sio mbele ya wateja.
- Mwanzoni mwa laivu sema: "Nikikatika, naendelea na oda WhatsApp kwa mpangilio wa mliotangulia." Mteja akijua hivyo hakimbii.
- Malipo yahakiki kwa meseji ya kampuni au menyu ya simu, mfano *150*00# kwa M-Pesa. Hizo hazihitaji intaneti. Usitoe mzigo upande basi Bweri kwa kuonyeshwa picha ya muamala eti kwa sababu mtandao wako unasumbua. Matapeli wanapenda dakika hizo.
- Oda ziandike kwenye karatasi papo hapo. Daftari halina mkataba unaoisha.

KAZI YA NYUMBANI

Leo usiku fungua ukurasa wa ruta, andika vitu vitatu: mgao unaanzia na kuishia namba ngapi, Lease Time ni muda gani, na upande wa nje unatumia DHCP au PPPoE. Badili na neno la siri la kuingilia kama bado ni "admin", maana mteja uliyempa waifai anaweza kuingia humo.

Halafu anza kuandika saa. Baada ya siku tatu weka saa zako hapo chini, bila kuandika namba ya simu wala neno la siri, tuzihesabu pamoja. Na mtumie mwenzako anayekatikaga kila akianza laivu.

Kazi njema, mauzo mema.