Istilahi na Watumiaji: Lugha za Sayansi katika Ulaya ya Renaisansi

Ikisiri

Katika mijadala kuhusu kupanua matumizi ya Kiswahili, hudaiwa mara kwa mara kwamba lugha haina budi kukamilisha istilahi zake kabla ya kukabidhiwa sayansi. Makala haya yanaichunguza hoja hiyo kwa kurejelea lugha za Ulaya zilizoanza kuchukua nafasi ya Kilatini kati ya mwisho wa karne ya 15 na mwanzo wa karne ya 17. Inaonyeshwa kuwa lugha hizo ziliingia katika sayansi zikiwa na upungufu mkubwa wa istilahi, na kwamba upungufu huo ulizibwa na watumiaji wenyewe katika kuandika na kufundisha.

1.0 Utangulizi

Mwishoni mwa karne ya 15, mtu aliyetaka kusomea tiba, sheria au falaki katika chuo kikuu cha Ulaya ya magharibi, kiwe cha Bologna, Paris au Salamanca, alipaswa kwanza kujua Kilatini. Lugha hiyo haikuwa tena lugha ya kwanza ya jamii yoyote. Hata hivyo, ilikuwa na sarufi iliyoandikwa, msamiati wa kitaaluma uliotajirishwa kwa tafsiri kutoka Kiyunani na Kiarabu, na wasomaji waliotapakaa katika nchi nyingi. Lugha za umma, yaani Kiitaliano, Kifaransa, Kireno, Kiingereza, Kiholanzi na nyinginezo, aghalabu zilihesabiwa kuwa zafaa kwa nyimbo, biashara na mazungumzo ya nyumbani.

Hali hiyo ilitikiswa na mambo kadhaa. Uchapaji wa herufi za kupangwa, ulioanzishwa na Johannes Gutenberg mjini Mainz katikati ya karne ya 15, ulihitaji wanunuzi wengi kuliko idadi ya wajuao Kilatini. Mwaka 1492, mwaka ule ule aliosafiri Christopher Columbus, Antonio de Nebrija alichapisha sarufi ya Kihispania na kuitabaruku kwa Malkia Isabella. Martin Luther alitoa Agano Jipya kwa Kijerumani mwaka 1522, na Biblia nzima mwaka 1534. Nchini Ufaransa, amri ya Villers-Cotterêts ya mwaka 1539 iliagiza hati za mahakama ziandikwe kwa Kifaransa. Hivyo basi, dini na sheria zilikuwa zimekwisha kufungua mlango. Swali lililobaki lilihusu sayansi.

2.0 Mahitaji yaliyotangulia istilahi

Waliohitaji sayansi kwa lugha ya umma kwanza walikuwa watu wa kazi. Ubaharia ni mfano wa wazi. Vasco da Gama alipofika Malindi mwaka 1498, alipewa rubani aliyemwongoza hadi Calicut. Ujuzi wa rubani yule haukutoka katika kitabu chochote cha Kilatini, na mabaharia wa Kireno nao hawakuwa wanafunzi wa Kilatini. Kwa sababu hiyo, Pedro Nunes, mtaalamu wa hisabati wa mfalme wa Ureno, aliandika kwa Kireno kitabu chake kuhusu umbo la ulimwengu na hisabati ya ubaharia, kilichochapishwa Lisbon mwaka 1537. Nchini Hispania, Martín Cortés alichapisha mwongozo wa ubaharia mwaka 1551. Miaka kumi baadaye ulikuwa umetafsiriwa kwa Kiingereza.

Katika tiba, mgogoro ulikuwa mkali zaidi. Mwaka 1527, Paracelsus alifundisha kwa Kijerumani mjini Basel, akawakaribisha pia vinyozi-wapasuaji, watu ambao madaktari wa vyuoni waliwadharau. Mwaka uliofuata alilazimika kuuhama mji. Ambroise Paré, kinyozi-mpasuaji wa Kifaransa asiyejua Kilatini, alikuwa vitani mwaka 1537 alipoishiwa mafuta ya moto yaliyotumiwa kuunguza majeraha ya risasi. Badala yake alipaka mchanganyiko wa kiini cha yai, mafuta ya waridi na tapentaini. Asubuhi aliwakuta waliopakwa dawa hiyo wamepumzika vizuri, ilhali walioungzwa walikuwa na homa na maumivu makali. Matokeo hayo aliyachapisha kwa Kifaransa mwaka 1545. Alipotoa mkusanyo wa kazi zake mwaka 1575, Kitivo cha Tiba cha Paris kilijaribu kuuzuia. Yamkini kilichogombewa hapo kilikuwa zaidi ya usahihi wa tiba: lilikuwa pia suala la nani ana haki ya kuisoma.

3.0 Njia mbili za kuunda istilahi

Waandishi hao walikabiliwa na tatizo ambalo mwanaleksikografia wa Kiswahili analifahamu vyema: dhana ipo, jina halipo. Robert Recorde, mzaliwa wa Tenby, Wales, aliandika kwa Kiingereza mfululizo wa vitabu vya hisabati kuanzia mwaka 1543; katika kitabu cha mwaka 1557 ndimo alimoanzisha alama ya usawa (=). Mwaka 1551, katika kitabu chake cha jiometri, alijaribu kuunda istilahi kutokana na mizizi ya Kiingereza chenyewe. Pembetatu yenye pande tatu sawa aliiita ‘threlike’, na mstari unaogusa duara akauita ‘touch line’. Istilahi hizo hazikudumu. Kiingereza kilikopa kutoka Kilatini maneno ‘equilateral’ na ‘tangent’, nayo ndiyo yanayotumika hadi leo.

Simon Stevin, mzaliwa wa Bruges, alifuata njia hiyo hiyo kwa Kiholanzi, lakini matokeo yakawa tofauti. Mwaka 1585 alichapisha kijitabu cha kufafanua matumizi ya desimali, akiwalenga wanajimu, wapimaji wa ardhi, wafanyabiashara na wengineo waliohitaji kuhesabu. Mwaka 1586, katika kitabu chake cha elimu ya mizani, alitanguliza utetezi mrefu wa Kiholanzi, akidai kwamba wingi wa maneno yake ya silabi moja na wepesi wake wa kuambatanisha maneno unaifanya lugha hiyo iifae sayansi kuliko nyingine. Dai hilo haliwezi kukubaliwa na isimu ya leo, kwani hakuna lugha iliyoumbwa kwa ajili ya sayansi. Hata hivyo, istilahi yake ‘wisconst’, yaani sanaa ya mambo ya hakika, ilizaa neno ‘wiskunde’, ambalo ndilo jina la hisabati kwa Kiholanzi hadi sasa.

Kwa nini Stevin alifaulu pale Recorde aliposhindwa? Jibu haliko katika umbo la maneno peke yake, kwani ‘touch line’ lina maana bayana kuliko ‘tangent’. Tofauti moja kubwa ni mahali pa kuyatumia. Recorde alifia gerezani mwaka 1558, na hakuna taasisi iliyofundisha kwa kufuata msamiati wake. Stevin alikuwa mshauri wa Mwanamfalme Maurits, na mwaka 1600 alitunga mtaala wa shule ya wahandisi katika Chuo Kikuu cha Leiden, ambako masomo yalitolewa kwa Kiholanzi. Istilahi zake zilipata walimu, wanafunzi na mitihani.

4.0 Nafasi mpya ya Kilatini

Isidhaniwe kwamba Kilatini kilitupwa. Nicolaus Copernicus na Andreas Vesalius walichapisha kazi zao kuu za mwaka 1543 kwa Kilatini, na Isaac Newton alifanya vivyo hivyo mwaka 1687. Nunes mwenyewe, alipochapisha kitabu cha aljebra mwaka 1567, aliacha Kireno akatumia Kihispania ili apate wasomaji wengi zaidi. Galileo Galilei alitangaza mambo aliyoyagundua kwa darubini kwa Kilatini mwaka 1610, lakini mwaka 1613 aliandika kuhusu madoa ya jua kwa Kiitaliano, akitaka hata wasiosoma chuoni wajue kuwa nao wamepewa macho na akili. Majadiliano yake ya mwaka 1632 kuhusu mifumo miwili ya ulimwengu yalikuwa pia kwa Kiitaliano. Mwaka 1633 alihukumiwa, na mwaka 1635 tafsiri ya Kilatini ikachapishwa Strasbourg. Basi lugha ya umma na lugha ya kimataifa ziligawana kazi, na tafsiri ikawa daraja baina yake.

5.0 Hitimisho: Kiswahili kinajifunza nini?

Ulinganisho huu una mipaka. Kilatini hakikuwa na dola wala uchumi wa kukitegemeza kama Kiingereza kilivyo leo. Pamoja na hayo, mambo mawili yanajitokeza. Kwanza, ubishi kati ya kukopa na kuunda si wa kufa na kupona: Kiingereza kilikopa, Kiholanzi kikaunda, na zote mbili zikawa lugha za sayansi. Kiswahili nacho hutumia ‘hisabati’, neno lenye asili ya Kiarabu, bila kupungukiwa na lolote.

Pili, na hili ndilo zito zaidi, istilahi huishi kwa kutumiwa. Nchini Tanzania, Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi mwaka 1967, na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Hata hivyo, masomo hayo katika sekondari yameendelea kufundishwa kwa Kiingereza. Paré na Stevin walikuwa na wasomaji wakitafuta maneno. Kiswahili kina maneno yanayosubiri wasomaji. Kuongeza orodha za istilahi, bila kufungua darasa na maabara zitumikamo, ni kurudia safari ya Recorde.