Somo la Kazi: Kuwasha na Kuzima Seva ya Wavuti



Somo hili ni la makarani na mafundi wa zamu wanaotunza kompyuta za ukubwa wa kati, aina iliyotolewa na IBM mwaka 1988 kwa jina la AS/400, ambayo siku hizi hutumia mfumo uitwao IBM i. Kompyuta moja ya namna hii huhudumia ofisi nyingi.

Tuseme imewekwa Arua, na wenzetu wa Koboko husoma humo kurasa za mishahara. Programu inayotoa kurasa hizo ndiyo seva ya wavuti. Ikizimwa ovyo Arua, kazi ya Koboko husimama, na lawama humwangukia aliye zamu. Basi tujifunze utaratibu. Seva yetu ya mfano tumeipa jina MISHAHARA.

1. Kuwasha. Andika:
STRTCPSVR SERVER(*HTTP) HTTPSVR(MISHAHARA)

2. Kuhakikisha. Andika:
WRKACTJOB SBS(QHTTPSVR)
Ukiona jina MISHAHARA katika orodha, seva inafanya kazi. Hata hivyo, mpigie simu mwenzako wa Koboko afungue ukurasa mmoja.

3. Kuzima. Waarifu kwanza wanaoitumia, kisha andika:
ENDTCPSVR SERVER(*HTTP) HTTPSVR(MISHAHARA)
Rudia hatua ya 2, uone kwamba jina limetoka.

Tahadhari! Anayeandika ENDTCPSVR tupu, bila kutaja seva, huzima seva zote za mtandao, pamoja na ile inayowapokea watumiaji wa mbali. Kosa la neno moja linaweza kuzifungia ofisi zote.

Sisi wa West Nile tuliishi miaka mingi nje ya gridi ya taifa. Kituo cha maji cha Nyagak, karibu na Paidha, chenye megawati 3.5, kilianza kutoa umeme mwaka 2012. Kwa hiyo tumezoea kuona mashine zikizimika zenyewe. Tusiige mazoea hayo. Umeme ukikatika na betri bado zinashika, zima seva kwa amri, kisha mwenye ruhusa aizime kompyuta kwa PWRDWNSYS. Kuchomoa waya ni kuhatarisha kumbukumbu za watu.

Mwisho ni daftari la zamu. Andika saa, jina la seva, nani aliagiza, na nani wa Koboko aliarifiwa. Kompyuta ina kumbukumbu yake, isomwayo kwa DSPLOG, lakini haiwezi kueleza kwamba mkubwa alikuagiza kwa mdomo. Siku ya kuulizwa, ushahidi wako ni daftari. Ukiagizwa kuzima, omba agizo liandikwe na kutiwa sahihi. Huo si ukaidi, ni kulinda kazi na mkate wako.

Maswali ya kujipima:
(a) Kwa nini tunataja jina la seva kabla ya kuizima?
(b) Daftari linaeleza nini ambacho kompyuta haijui?

Jadilianeni katika mikutano ya matawi, Arua na Koboko.